Mgeni Wetu Amesimama Juu ya Tumbawe

Siku ya 1, Moshi

Safari hii imeanzia kwenye picha. Mwezi wa tisa nilipandisha Mlima Kilimanjaro wageni wawili, mke na mume, kwa njia ya Machame. Watu wema sana. Yule mama alikuwa akiona karatasi ya pipi iliyodondoshwa na kikundi kingine anainama, anaiokota, anaitia mfukoni. Siku tano baada ya kuwasindikiza uwanja wa ndege alinitumia picha kutoka Zanzibar. Maji yamemfika kiunoni, mikono ameinua juu kama tulivyoinua pale Uhuru, na kwa kuwa bahari ilikuwa maangavu, chini ya nyayo zake linaonekana jiwe la duara la rangi ya kahawia. Nilifurahi, nikamjibu, nikaiweka picha kwenye stetasi.

Jioni binamu yangu aliyehamia Pangani akanipigia. Hakusalimia hata. "Kaka, itoe hiyo picha. Mgeni wako amesimama juu ya tumbawe." Nikamwambia mbona ni jiwe tu. Akasema, "Hilo jiwe linakula, linazaa, na huenda lilianza kukua kabla babu yetu hajazaliwa."

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nina miaka 14 kwenye kazi hii ya kuongoza wageni. Mlimani mzigo wa mpagazi unawekwa kwenye mizani getini usizidi kilo 20. Taka tunazoshusha zinapimwa. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kuvuka geti. Mgeni akitaka kukata ua namkataza, na ananisikia. Halafu mgeni huyohuyo namkabidhi kwa bahari bila kumwambia neno.

Na tuelewane: wageni wanaotaka mlima na bahari karibu wote huanza na mlima. Si kwa sababu ya kupumzika tu. Mzamiaji anayepumua hewa ya mtungi chini ya maji hubaki na naitrojeni mwilini, na akiwahi kwenda juu, kwa ndege au kwa miguu, gesi ile hugeuka mapovu ndani ya damu na viungo. Ndiyo maana wazamiaji hushauriwa wakae saa 18 hadi 24 kabla ya kupanda ndege, seuze mlima wa mita 5,895. Kwa hiyo mgeni wa vyote viwili hupita kwanza mikononi mwetu, Moshi na Arusha. Anakaa nasi siku sita au saba. Baharini anakaa na muongozaji saa moja.

Sasa ni Novemba, mvua za vuli zimepunguza kazi. Mimi, muongozaji mwenzangu na mpishi wetu tumechanga nauli. Kesho asubuhi tunashuka pwani tukayaone matumbawe wenyewe.

Siku ya 2, njiani

Basi limetoka stendi saa kumi na mbili kamili. Himo, Mwanga, Same, milima ya Upare upande wa kushoto, kisha mashamba ya mkonge yasiyo na mwisho. Muheza tumenunua machungwa dirishani. Tanga tumebadilisha gari, na Pangani tumeingia jua likizama. Binamu ametupokea kwa wali wa nazi na changu wa kukaanga. Hajatulaumu tena kuhusu picha. Alichosema ni kwamba kesho tuamke mapema.

Siku ya 3, Maziwe

Ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na katika bamvua ya pwani hii maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Lazima tuwe kule kabla hayajageuka. Nahodha ni mzee wa miaka sabini na ushei, mkavu kama kamba ya katani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mangi. Mlima mmemwachia nani?"

Maziwe hakuna mti hata mmoja. Ni fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, kaa wadogo wanakimbia, basi. Nahodha anasema ujanani mwake kulikuwa na mivinje hapa, wavuvi wakilala kivulini, na kasa wakipanda kutaga kwa wingi. Mivinje ikakatwa, mchanga ukakosa cha kuushika. Mwisho wa miaka ya sabini hapakubaki mti, na siku hizi maji yakijaa huoni kitu. Kasa bado hawajasahau. Wanakuja kutaga kwenye mchanga utakaofunikwa baada ya saa chache, na watu wa Ushongo huyahamisha mayai hadi ufukwe wa bara ili yaanguliwe salama. Nilimtazama yule mzee sana. Kisiwa kizima kimeondoka, na aliyekiona kikiwa na kivuli yuko hai, ameshika usukani wa boti yetu.

Hakutia nanga hadi alipopata kipande cha mchanga mtupu. Alisimama mbele ya boti anachungulia, anampa kijana wake ishara kwa kidole: kushoto, ngoja, bado, sasa. Nilimuuliza kwa nini asitupe popote. Akanieleza kwamba nanga yenyewe ikishuka hupiga mara moja, hiyo ni nafuu. Balaa ni mnyororo. Boti inazungushwa na upepo na mkondo, na mnyororo unafagia chini, unarudi, unafagia tena, kama mtu anayefyeka majani. Mahali penye boya lililofungwa imara, boti zinafunga kamba juu na chini hapaguswi. Kisiwa cha Bonaire kule Karibi kimekataza nanga kwenye matumbawe yake na kuweka maboya. Huku kwetu boya likiwepo hugombewa na boti tatu, na kamba ikikatika inaweza kupita miezi bila mtu wa kuifunga.

Nimejifunza kuogelea Kikuletwa, kwenye maji matamu yasiyo na wimbi, kwa hiyo nilishuka nikiwa nimeshika boya la mpira. Nikainamisha uso.

Sijui nianzie wapi. Kwanza sauti. Bahari ina mlio kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango mbali, na juu yake kulikuwa na kitu kinachotafuna, kra, kra. Alikuwa pono. Sisi bara tunamjua kwa msemo tu, fulani amelala kama pono. Hapa alikuwa macho, rangi yake kijani na waridi, akiguguna mwamba kwa meno yake yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Anatafuta mwani, mawe anayameza, na yakitoka upande wa pili yametoka mchanga. Sehemu ya ule mchanga mweupe ambao wageni wanapanda ndege kuja kuulalia imepita tumboni mwa samaki huyu.

Binamu akanivuta hadi kwenye tumbawe la duara, sawasawa na lile la kwenye picha. Nililitazama kwa umbali wa shubiri mbili. Halikuwa jiwe. Uso wake wote ulikuwa na vijishimo vidogo kama sega la nyuki, na kila kijishimo ni nyumba ya mnyama mmoja, polipu, mwenye mwili laini na mikono midogo anayoikunjua usiku kunasa chakula kinachoelea. Ndani ya ngozi yake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Hao hutumia mwanga wa jua kumpikia, na ndio wanaompa rangi. Polipu hujenga chokaa chini yake, na aina hii ya duara huongezeka takriban sentimita moja kwa mwaka. Yale yenye matawi kama pembe za swala huenda kasi zaidi, mengine hata sentimita kumi, lakini huvunjika upesi.

Nikakumbuka soli za yule mama. Kilo sitini na tano za mtu mwema, zimesimama juu ya ngozi nyembamba kuliko ya nyanya.

Wakati wa kurudi nahodha alisema jambo ambalo limenikaa. Zamani watu wa ukanda huu walipiga baruti, na alituonyesha mahali mwamba ulipobaki kifusi kama nyumba iliyoanguka. Serikali ikaja juu, baruti ikapungua sana. Maeneo kama Maziwe yakatengwa, uvuvi ukakatazwa, nao wakatii. "Mvuvi nimeambiwa nisitie ndoano hapa, nikasema sawa, ni kwa faida ya watoto. Halafu naona boti ya kitalii inatupa nanga juu ya tumbawe lilelile nililoachishwa. Sasa mangi, hilo tumbawe lilikuwa linalindwa kwa ajili ya nani?"

Sikuwa na jibu, nikakaa kimya hadi Pangani.

Siku ya 4, Pangani hadi Nungwi

Bahari imelala. Ndiyo majira ya maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Mpishi wetu, ambaye upepo wa kambi ya Barafu mlimani haumtishi, alifumba macho safari nzima hata hivyo.

Nungwi tumempata kijana wa Rombo anayefanya kazi kwenye kituo cha kuzamia, anabeba mitungi na kushuka na wageni. Alifurahi kusikia Kichaga, akatununulia urojo. Kwake ndiko nilikopata darasa. Mgeni anayeanza, anasema, mara nyingi hufungwa risasi nyingi kiunoni, yaani vipande vizito vya madini vya kumzamisha, kwa sababu mwalimu ana haraka, hataki ahangaike kuzama. Mgeni akishakuwa mzito kupita kiasi hakai mlalo kama samaki, anasimama wima ndani ya maji, na ili asizame anapiga miguu chini mfululizo. Mapezi aliyovaa miguuni ni marefu kuliko mkono wangu, na yeye hayahisi. Teke moja linakata tawi. Mengine yanatimua mchanga.

"Huo mchanga ndio watu hawauelewi," alisema. "Tawi likikatika mtu anashtuka. Vumbi likitulia juu ya tumbawe hakuna anayeona." Nikafikiria migomba iliyo kando ya barabara ya vumbi kiangazi, majani yametiwa unga mwekundu, jua haliingii. Tumbawe hujitahidi kujisafisha kwa ute, lakini akija mwingine na mwingine kila baada ya dakika ishirini, nguvu zote zinaishia kufagia.

Nilimuuliza nani anagusa zaidi. Akasema wenye kamera. Mtu akitaka kumpiga picha samaki mdogo hutafuta pa kuegemeza goti.

Siku ya 5, Mnemba

Kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, lakini bahari inayokizunguka ni hifadhi tangu 2002. Tulifika saa tatu. Nilianza kuhesabu boti, nikafika 23 nikaacha, kwa sababu nyingine zilikuwa zinaingia kutoka Nungwi, Kendwa na Matemwe kabla sijamaliza upande mmoja. Harufu ya petroli imetanda. Watu wamejaa majini kama stendi siku ya Krismasi, snokeli, ile mirija ya kupumulia, zinagongana. Pomboo walipoibuka, boti kadhaa ziliwakimbilia kwa pamoja, wakazama. Zikawasubiri, wakaibuka mbali zaidi, zikawakimbilia tena.

Juu ya maji kulikuwa na utando unaong'aa. Niliunusa nikaujua mara moja, ni losheni ya jua, ileile ambayo wageni wetu wanajipaka kambi ya Shira hadi nyuso zinakuwa nyeupe. Tyubu ileile inatoka mlimani inakwenda baharini. Baadhi zina kemikali ya oksibenzoni, ambayo Palau waliipiga marufuku mwaka 2020, na Hawaii wakazuia kuiuza kuanzia 2021 kwa ajili ya matumbawe yao. Na dawa tunayo sisi: zile fulana za mikono mirefu tunazowalazimisha wabebe kwa ajili ya baridi zinafaa kabisa kuogelea. Mgeni akizivaa hana haja ya kujipaka mgongo mzima.

Kwenye boti yetu kulikuwa na wageni 14 na muongozaji mmoja. Kwenye kikundi cha wageni sita mlimani huwa tunakuwa waongozaji watatu. Maelezo aliyowapa ni sentensi moja, msiguse matumbawe, akaisema injini ikiwa inanguruma. Simlaumu. Safari imeuzwa kwa bei ya kutupa, analipwa kwa kichwa, na boti ya jirani ingeuza chini zaidi.

Lakini niliona jambo moja zuri, na nataka liandikwe. Kwenye boti nyingine kulikuwa na dada mmoja muongozaji, hijabu ya kuogelea, kapiga mbizi bila mtungi. Aliwafuata wageni wake watano kama mama wa kuku. Mmoja akichoka anataka kusimama, yeye anakuwa ameshafika, anashika kisigino taratibu anakiinua, anampa boya alishike. Hakumgombeza mtu. Nilimtazama kwa nusu saa nzima na hakuna hata mmoja wa watu wake aliyegusa mwamba.

Kijana wa Rombo alikuwa ameniambia habari ya utafiti uliofanywa Saint Lucia, Karibi, na nimeisoma usiku huu mwenyewe. Waliwafuata wazamiaji chini ya maji wakihesabu wanavyogusa. Kuongeza sentensi moja ya onyo kabla ya kuzama hakukubadilisha kitu. Kilichopunguza kugusa ni muongozaji kuingilia kati palepale majini. Dada yule huenda hajausoma utafiti wowote.

Siku ya 6, Unguja hadi Dar

Boti ya mchana. Nilisimama upande wa kushoto makusudi, nikauona mnara wa taa wa Chumbe uliojengwa 1904. Mwamba wa kisiwa kile umetengwa tangu 1994. Kuzamia na mitungi hakuruhusiwi kwa watalii, wanaingia wachache na snokeli tu, na walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa eneo hilohilo. Watoto wa shule hupelekwa kuona mwamba wao. Nilitamani nahodha wa Pangani angekuwa nami, maana pale swali lake limepata jibu.

Mwenzangu alinibishia. Anasema yote haya ni bure, joto la bahari ndilo linaloua. Kweli, mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu yaliwafukuza wale mwani wapishi, yakapauka meupe, na mengi yakafa, Mafia hasa. Ilitokea tena 2016, na 2024 wanasayansi walitangaza kupauka kwa dunia nzima. Sisi watu wa mlima tunaijua habari hiyo, barafu ya Kibo tunaiona ikiisha. Lakini mgonjwa akiwa na homa kali, hiyo si ruhusa ya kumkanyaga kitandani. Tumbawe lililopauka linaweza kurudi likiachwa lipumue. Lililovunjwa na kujaa mchanga halina pa kuanzia.

Hakunijibu. Baadaye kidogo alitoa daftari, akaanza kuandika.

Siku ya 7, Dar hadi Moshi

Kutwa nzima kwenye basi. Chalinze, Segera, Same. Tumebishana kuhusu idadi. Sipadan, kisiwa cha Malaysia kinachosifika kwa kuzamia, serikali iliondoa hoteli zote mwaka 2004, kisha ikaweka kibali cha watu 120 kwa siku. Mpishi anaamini Mnemba panahitaji geti kama la Machame. Mimi naamini hivyo pia, na daftari langu litasema hivyo popote nitakapoalikwa. Ila geti la bahari si letu kulijenga. Letu ni lile la Mweka, wageni wanaposhuka.

Siku ya 8, Moshi

Wamekuja waongozaji 11 uani kwangu, Majengo, na wapagazi wanne ambao hatukuwaalika, karibu sana. Binamu alitupa jozi ya mapezi ya zamani. Nikaweka benchi, nikapanga vikombe vya chai vilivyojaa maji kuzunguka mwisho wa benchi. Zoezi: lala kifudifudi, vaa mapezi, piga miguu kama unaogelea, usiangushe kikombe. Wa kwanza aliangusha sita. Wa pili vinne. Kila kikombe kikianguka mtu alikuwa anageuka kutazama, na nikawaambia, baharini hugeuki, kwa sababu husikii.

Tumekubaliana hivi. Mazungumzo hayatafanyika siku ya kwanza, mgeni ana hofu ya kilele hasikii kingine. Yatafanyika usiku wa mwisho, kambi ya Mweka, ameshapanda, moyo umelegea, anaanza kuulizia Zanzibar. Tutakaa naye kwenye hema la chakula, chai mkononi, dakika kumi na tano. Tutamwonyesha picha ya tumbawe la duara kwa karibu. Tutamwambia asisimame, aombe boya akichoka. Avae fulana badala ya losheni mgongoni. Akizamia na mitungi aombe apimwe risasi upya kwenye mchanga kabla ya kwenda mwambani. Na aulize maswali mawili kabla hajalipa: boti yenu inafunga wapi, na muongozaji mmoja anashika watu wangapi.

Yule mama wa kwenye picha nimemwandikia. Nilimweleza kila kitu, nikamwomba radhi kwa kutomwambia mapema. Amejibu asubuhi hii. Ameniuliza kama picha yake inaweza kutumika kufundishia.

Nimeichapa stationari kwa rangi, karatasi ya A4, nimeiweka plastiki isilowane. Kikundi changu kinaingia Machame Alhamisi. Wageni ni sita, na wanne wana tiketi za Zanzibar.